Kibao cha Mwisho cha Mzee Ngazi

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, karakana yetu ya vibao vya barabara inaagana na mtu aliyelichorea jiji hili majina yake kwa miaka thelathini na mmoja. Wageni wakisikia tunamwita Mzee Ngazi huuliza jina lake halisi, na hata mhasibu hulitafuta kwenye faili. Mwacheni na hilo la ngazi. Amelitolea jasho.

Alianza kwa kuosha brashi, akapanda mpaka akawa fundi mkuu wa herufi. Ndiye aliyetufundisha kwamba barabara kuu inataka bao kubwa linalosomeka gari likiwa mbioni, mtaa unataka kibao cha kawaida juu ya nguzo, na kichochoro kinatosheka na kipande cha bati ukutani. Enzi hizo alikuwa mtani wa kupindukia. Aliwahi kubandika kibao cha "Hakuna Njia" mlangoni kwa bosi, na asubuhi nzima wenye shida zao wakawa wanafika, wanasoma, wanageuka. Bosi alifurahia utulivu ule bila kujua umetoka wapi.

Kisha akaja dada yake mkubwa, fundi cherehani, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alikuwa akikaa kichochoroni, binti yake anachumbiwa, na wakwe watarajiwa wanauliza anwani. Majirani nao walikuwa wamechoka kudharauliwa. Wote walitaka jambo moja tu, kibao chao kisomeke "Barabara". Mzee hakuwa na ubavu wa kumnyima dada yake. Wakubwa wakapitisha, maana bati ni lile lile, na watu wale wangeacha kuwasumbua. Kibao kikatundikwa, watu wakapiga picha chini yake.

Miezi michache baada ya harusi, moto ulizuka adhuhuri katika nyumba za mwisho za kichochoro kile. Dereva wa zimamoto alikuwa mgeni wa eneo hilo. Alikiona kibao, na katika kazi yao palipoandikwa barabara gari hupita, basi akaingia moja kwa moja badala ya kusimama nje na kuvuta mipira ya maji. Ukipita nyumba chache, kichochoro kile hujikunja na kubana. Gari likakwama kati ya kuta mbili, na waliokuwa wakikimbia kutoka ndani wakakuta njia imezibwa. Dada yake alikuwa miongoni mwao. Yeye na majirani kadhaa hawakutoka.

Hatuyaandiki haya kumtia aibu. Ametutaka mwenyewe tuyaandike, la sivyo, alisema, hataki kusomewa chochote.

Aliporudi kazini hakwenda kwenye rangi. Alikwenda kituo cha zimamoto, akailaza ngazi ya mbao mbele ya gari lao, akaikata sawasawa na upana wa gari. Tangu hapo hakuna kibao kilichotoka karakana kabla ngazi ile haijapitishwa. Tuliibeba wawili, mmoja huku, mwingine kule, imelala kwa upana, kuanzia mdomo wa njia hadi mwisho wake. Ikigusa ukuta, hapo ni kichochoro, hata akae mheshimiwa gani. Tumetukanwa, tumemwagiwa maji ya vyombo, tumekimbizwa na mbwa. Mama mmoja alituuliza kwa kejeli kama tunatafuta maiti wa kubeba. Mzee akamjibu kwa upole kwamba tunapima ili asije akapatikana.

Vibao vyote vilivyokosewa vimeteremshwa, isipokuwa kimoja. Kile cha dada yake kipo mpaka leo. Kila mwaka Mzee ameomba kiondolewe, na kila mwaka wakubwa wamempiga danadana. Mara kamati haijakaa, mara kukiondoa ni kukiri kosa, wafiwa watafufua kesi. Wapangaji wapya wamehamia, watoto wanacheza chini ya kibao kile, na zimamoto wanaajiri madereva wasiojua yaliyotokea. Hilo ndilo linalomnyima usingizi. Mpwa wake, yule bibi harusi, hajamlaumu hata siku moja, na Mzee husema afadhali angemlaumu. Inatuuma kumwona mtu mwema akizeeka hivi.

Tulipomuuliza kama tumnunulie friji au godoro, alijibu kwamba anataka mchana wa leo na ngazi yake, basi. Kibao ameshakichora kwa rangi aliyoinunua mwenyewe, herufi nyekundu: "Kichochoro. Gari Halipiti." Ruhusa hana. Wakubwa mnaosoma haya mkiwa meza kuu, sasa mnajua kama tunavyojua sisi, na mlango uko wazi kwa atakayetaka kuandamana nasi. Hotuba zikiisha hatubaki kupiga picha. Tunakwenda kule, na mpwa wake ndiye atakayebeba bisibisi.

Mzee wetu, asante kwa mkono uliotufundisha herufi, na kwa ukali uliowaepushia wengine misiba ambayo hawataijua kamwe. Tunakuombea maisha marefu na usingizi mzito. Panda ukiteremshe. Ngazi tutaishika sisi.