Johnson Lusweti Nabiswa, Mpiga Picha wa Hatua Mbili

Aliyelala mbele yenu ni Johnson Lusweti Nabiswa, mpiga picha wa Kariobangi, ambaye wengi wenu mlimwita Baba Mitchelle na wengine, alipokuwa amewapa mgongo, mlimwita Mzee Ukungu. Mimi ni kaka yake mkubwa, Kundu. Nimepewa kazi ya kusoma maisha yake kabla udongo haujamfunika. Kwetu mdogo ndiye humzika mkubwa, lakini siku hizi hata hilo limegeuka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 kijijini Kamusinga, Kimilili, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Nabiswa na marehemu Mama Nasimiyu. Jina la Lusweti alilirithi kwa babu yetu mzaa baba. Kwetu, mtoto akibeba jina la marehemu, watu wa marehemu huyo hawawezi kumfungia mlango. Jina likiwa moja, nyumba ni moja. Lusweti aliliamini jambo hilo maisha yake yote, na ndilo lililokuja kumponza.

Alianza shule ya msingi kijijini mwaka wa 1965 na kumaliza darasa la saba mwaka wa 1971. Alifaulu, lakini hakuendelea, kama ambavyo mimi sikuendelea kabla yake. Tulijisomea wenyewe kwa magazeti yaliyofungiwa sukari dukani. Tuliyanyoosha kwa viganja, naye akawa na tabia ya kukata picha na kuniachia maneno. Nikimgombeza, alinijibu, "Wewe soma. Mimi natazama."

Alifika Nairobi mwaka wa 1975 na kuishi nami Kariobangi. Mwaka uliofuata aliajiriwa kufagia katika studio ya Mzee Magan, Mhindi mmoja kule Ngara. Magan alimtoa kwenye ufagio, akamtia kwenye chumba cha giza cha kuoshea filamu, kisha akamweka nyuma ya kamera. Alimfundisha kazi kwa namna ambayo haifundishwi tena. Kwanza ulimkalisha mtu kitini. Kisha ulinyamaza na kumtazama. Mtu akikaa mbele ya kamera hujitayarisha: huvuta shingo, hukaza midomo, huvaa uso wa mtu mwingine. Ulingoja mpaka achoke kujitayarisha. Uso wake ukirudi, ndipo ulipobonyeza. Filamu ilikuwa na nafasi chache, na hakuna aliyekuwa na haki ya kuzichezea.

Mwaka wa 1984 Lusweti alifungua studio yake Kariobangi, akaiita Mwangaza. Wenye umri wangu wanalikumbuka lile pazia la nyuma lililochorwa ndege ya abiria na ngazi zake, na foleni ya sikukuu ya Krismasi, watoto wakiwa na viatu vipya ambavyo havijakanyaga vumbi. Magan alipofunga duka na kuhamia Uingereza mwaka wa 1996, alimwachia kamera yake na lenzi tatu. Nilikuwepo siku hiyo. Alizifuta moja moja kwa shati lake mwenyewe, akasema, "Johnson, hii kamera ni sanduku tu. Sanduku itakufa. Kioo ndiyo macho. Wewe hapana uza kioo."

Tarehe 6 Desemba 1986 marehemu alifunga ndoa na Rebeka Khavere, binti wa Maragoli, aliyekuwa akishona sare za shule sokoni Kariobangi. Walijuana studioni. Khavere alikuja kupigwa picha ya kutuma kwao, na Lusweti, kama ilivyokuwa kazi yake, akakaa kimya akimtazama.

"Wewe unapiga picha ama unanichumbia?" Khavere akauliza.

"Nangoja uache kujitayarisha."

"Basi utangoja sana. Nimejitayarisha tangu jana."

Picha hiyo ipo bado. Anacheka ndani yake. Mungu aliwabariki na watoto wawili, Mitchelle na Shiundu.

Sasa nifike mahali ambapo wengi wenu mnapajua kwa upande wa kicheko tu. Filamu zilipoanza kukosekana, na maabara za kuoshea picha mjini zikafunga moja baada ya nyingine, Lusweti aliona itambidi anunue kamera ya dijitali, ile kubwa ya kubadilishwa lenzi. Sharti lake lilikuwa moja. Alitaka sanduku jipya litakalokubali macho ya zamani. Alizunguka maduka ya mjini akiwa na zile lenzi mfukoni, zimefungwa kwa soksi. Wauzaji wakamwambia anunue kamera na lenzi yake mpya, inayojitafutia yenyewe mahali pa kuangalia. Akawauliza kama inajua pia kungoja. Wakamcheka.

Mitchelle, aliyekuwa chuoni wakati huo, alimsomea habari hizo kwenye mtandao na kumweleza vizuri. "Baba, chukua ya kampuni ile nyingine. Kuna kipete cha kuunganisha lenzi zako nayo, na zitaona mpaka mbali. Hii ya jina la lenzi zako haitazikubali. Walibadilisha mdomo wa kamera, pale lenzi inaposhika, zamani."

Lusweti akamjibu, "Mama, lenzi zina jina hili, kamera ina jina hili. Mtoto hawezi kumfukuza babu yake nyumbani."

Akanunua ile ya jina moja. Huo ulikuwa mwaka wa 2011. Alipofika nyumbani na kuipachika lenzi, ikakataa. Aliizungusha huku na huku, taratibu, kama anayembembeleza mtoto anywe dawa. Mdomo ulikuwa mwingine. Khavere alimwambia airudishe dukani. Akasema mtu harudishi mtoto kwa sababu hajamtambua babu, humtambulisha.

Akaenda kwa Kyule, fundi wa mashine ya kukereza chuma pale jua kali ya Kariobangi, akachongewa kipete cha alumini. Lenzi ikakaa. Lakini kwa sababu ya unene wa kile kipete, ilikaa mbele kidogo kuliko ilivyotakiwa, na macho yake yakafupika. Kwa lenzi aliyoipenda zaidi, mtu akiwa ndani ya hatua mbili alitoka safi, hata ukaweza kuona nyuzi za kola yake. Akirudi nyuma zaidi, ulikuwa ukungu mtupu.

Mwenye busara angenunua lenzi mpya. Lusweti alisema akifanya hivyo atakuwa amemzika Magan akiwa hai. Aliahidi kufanya kazi ndani ya zile hatua mbili. Kwa bahati mbaya alikuwa tayari ameahidi pia harusi ya Wacuka, binti ya Mzee Ndirangu wa Kayole. Akamwona bibi harusi vizuri, na bwana harusi, na bibi wa bibi harusi. Lakini watu wa harusi hutaka picha ya ukoo mzima umesimama mbele ya kanisa. Aliwasimamisha juani akizungusha lenzi.

"Mzee, bonyeza basi, tunaiva," wakasema.

"Sogeeni karibu."

"Tukisogea zaidi tutakuwa tumekukalia."

Ukoo wote ukatoka kama moshi. Habari ikafika Kariobangi kabla yake. Vijana wa stendi wakawa wanamsalimu, "Niaje, Mzee Ukungu? Leo unatuona?" Naye alijibu kila mara kwa upole uleule, "Kuja karibu nikuone." Harusi hazikuja tena, wala sherehe za mahafali. Zikabaki nyuso.

Nyuso alizipiga kuliko mtu yeyote niliyemjua. Wazee wa mtaa walienda kwake wenyewe, akina mama wa soko, mafundi, mashemasi. Aliwakalisha, akangoja, akabonyeza. Kisha wakaanza kufa, mmoja mmoja, na jamaa zao wakagundua hawana kitu cha kubeba mbele ya jeneza. Picha zilikuwa kwenye simu, na simu ziliibiwa, au zilianguka majini, au hakuna aliyeijua namba ya kuzifungulia. Basi wakabisha kwa Lusweti. Mama Adoyo aliyekuwa akiuza samaki, mnamkumbuka jinsi alivyotangulia jeneza lake akiwa karibu kuzungumza. Hiyo ilikuwa kazi ya Lusweti. Mliikataa kazi yake kwenye harusi, mkaifuata kwenye matanga. Nami ninayesema haya nimesimama hapa na watu mia, kila mmoja amebeba kamera mkononi, na sijaona hata mmoja anayemtazama mwenzake.

Mwaka wa 2019 nyumba iliyokuwa na studio ilibomolewa kupisha ghorofa. Pazia la ndege liliraruka likishushwa. Marehemu na mkewe wakahamia Kware, orofa ya tano, chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jirani kwa karibu kiasi cha kuugusa. Jua haliingii humo mwezi wowote. Mpiga picha aliwekwa mahali pasipo na mwanga, na hapo ndipo aliponiambia kwa mara ya kwanza kwamba amechoka.

Ugonjwa wa sukari uligunduliwa mwaka wa 2017. Ulianza na miguu, ukaja kwenye macho. Kwa kuwa lenzi zake zilitegemea jicho lake na mkono wake, picha zikaanza kutoka na ukungu hata ndani ya hatua mbili. Yeye hakuona. Wazee waliokuja kupigwa walizipokea, wakamshukuru, wakaenda nazo bila kusema neno. Heshima ya namna hiyo imebaki kwa wazee tu. Ni Khavere aliyemwambia mwishowe, akimshika mkono. Marehemu alifunga lenzi zote tatu ndani ya soksi na hakuzitoa tena hadi mwaka huu.

Mwezi wa Aprili 2024 figo zilikataa kazi. Alilazwa katika hospitali moja ya umma hapa Nairobi. Ijumaa moja mchana tukiwa wodini, alimwagiza Mitchelle amletee kamera. Mitchelle akasema simu inatosha.

"Simu inajipigia yenyewe," marehemu akasema. "Nipige wewe."

Kamera ikaletwa na lenzi yake. Aliyekuwa haoni tena alimwongoza anayeona. "Rudi nyuma. Hatua mbili. Hapo. Zungusha lenzi, usijizungushe wewe. Kope zangu unaziona?"

"Naziona, Baba."

"Usibonyeze. Bado najitayarisha."

Tukangoja. Alikuwa amevuta shingo kama mteja yeyote wa Krismasi. Muuguzi alipita, akatuangalia, akaenda. Kisha shingo ikalegea, mdomo ukaanguka kidogo, uchovu wote ukajaa usoni, na Mitchelle akabonyeza. Marehemu akamwambia asiuze kioo.

Alifariki Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Analazwa hapa makaburini Lang'ata badala ya Kimilili kwa matakwa yake, ingawa wazee wa ukoo wamenuna nami nimenuna pamoja nao. Alisema wengi aliowapiga picha wako huku.

Ameacha mjane, Rebeka Khavere. Binti yake, Mitchelle. Mwanawe, Shiundu, anayetufuata kwa simu kutoka Doha. Mjukuu mmoja, Sally. Na mimi kaka yake. Lenzi anazo Mitchelle. Jana matangani mtu alimuuliza kama zinauzwa, akamjibu hapana. Atazitumia vipi, sijui. Wa kumfundisha ndiye huyu tunayemzika.

Tulipotafuta picha ya kuweka juu ya programu hii, hatukupata nyingine. Miaka arobaini ya picha, na hakuna aliyewahi kumwambia akae kitini. Kwa hiyo iliyo mikononi mwenu ni ile ya wodini. Itazameni. Yeye mnamwona, hadi kope. Ule ukungu nyuma yake, karibu na dirisha, si kasoro ya uchapaji. Ni mkewe na mimi, tumesimama hatua ya tatu.

Lala, Lusweti. Umeacha kujitayarisha. Pumzika kwa amani.