Ngoma Mbele, Wimbo Nyuma

Boti ya mashindano yenye kichwa cha joka ilipinduka jana Nairobi Dam, na watu kumi na wanane wakaanguka majini. Niliyasikia kwenye treni ya asubuhi kutoka Kibera, mama mmoja alipomwona mwanamume ameshika kasia lililovunjika.

"Wewe ni wa hiyo boti? Mimi ni bibi ya Lazarus. Niliambiwa mume wangu amezama. Nimelia, majirani wamejaa, halafu yeye anaingia akiitisha chakula!"

"Pole, mama. Mchina aliyetuletea huu mchezo kutoka kwao alisema tupige makasia tukifuata ngoma ya mbele. Lakini Lazarus ni mtu wa ziwa, kwao makasia hupigwa kwa wimbo. Akaanzisha wimbo huko nyuma. Nusu wakafuata ngoma, nusu wimbo."

"Na wewe?"

"Wimbo. Ulikuwa mtamu."

Mama alicheka mpaka akafuta macho. Mimi ningempiga na hilo kasia.

"Jumapili haendi tena kwa hiyo boti," akasema.

"Ataenda. Nani mwingine ataimba?"

Treni ikasimama, bado wanabishana. Hakuna aliyekufa. Timu ilipoteza makasia matatu, ngoma moja na sikio moja la joka. Mama alipoteza saa mbili, akimlilia mume mzima.