Taifa la Mtaro

Benchi la kijiwe limeegemea ukuta wa kinyozi, na mbele yake unapita mtaro ambao tangu mvua ya juzi umeziba kwa matope, chupa na soli za viatu. Manispaa wameambiwa. Wamesema watakuja, na wakisema hivyo, ndugu yangu, tandika mkeka ulale. Mwenye roho juu ni Spoku, fundi baiskeli. Mvua ile iliingia chumba cha chini anakokaa mama mkwe wake, ikamtoa kitandani, na Spoku akaapa mbele ya mkewe kwamba haitaingia tena. Leo mawingu yametanda, naye yupo kijiweni, kikombe mkononi. Usimlaumu upesi. Mazungumzo yalikuwa matamu, bwana!

— Tatizo siyo manispaa, alisema Redio, yule kinyozi asiyefunga mdomo hata wembe ukiwa shingoni mwa mtu. Tatizo ni nchi yenyewe! Mtu kachora mstari kwa rula, mto ukakatwa katikati. Mto una habari na rula?

— Hauna! Spoku akadakia.

— Basi nchi yetu sisi ni maji. Kila anayeguswa na mtaro huu, toka mlimani mpaka unakomwagikia mtoni, ni raia. Rais hakuna, waziri hakuna, pasipoti ya nini?

— Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, akaonya Kobe, fundi cherehani, mtu wa polepole.

— Ndiyo maana tunabomoa zizi! Redio akajibu.

Spoku alisisimka mwili mzima. Maisha yake yote ameambiwa njoo kesho, leo kapata nchi isiyo na dirisha la kupangia foleni. Raha iliyoje!

— Lakini chura naye apige kura, Kobe akasema.

— Chura?

— Si mkazi wa mtaro? Akilia, kakubali. Akinyamaza, jua maji yameharibika. Hiyo ni kura ya hapana.

— Lo! Redio akaruka. Kumbe katiba ilishatungwa zamani! Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Chura ana haki ya kelele, ng'ombe ana haki ya maji. Ibara ya kwanza hiyo!

Wakagongana viganja, kahawa ikamwagika.

— Na kazi atafanya nani? Kobe akauliza.

Spoku akapanda juu ya benchi.

— Zamu! Hakuna bosi, hakuna kuamrishana! Leo mimi, kesho wewe, keshokutwa jirani! Penye wengi hapaharibiki neno!

— Sema baba, sema! Redio akashangilia.

Tone la kwanza likamdondokea puani. Hapo mama mkwe akatokea kwenye kona, nguo kaifunga kiunoni, koleo begani, matope hadi magotini. Tangu asubuhi alikuwa akizibua upande wa chini peke yake. Spoku akashuka mbio, macho chini.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, baba. Nimewasikia toka kule. Maneno mazuri, wanangu. Na mimi nimo kwenye nchi hiyo?

— Umo, mama! Redio akasema. Wewe ndiye raia wa kwanza!

— Haya, nashukuru. Sasa, zamu ya leo ni ya nani?

Redio akachungulia chupa ya kahawa. Kobe akageuzageuza kikombe kitupu. Spoku akakificha kikombe nyuma ya mgongo, aibu ikamshuka hadi nyayoni. Mama mkwe akangoja, mvua ikianza kumlowesha. Hata mtaroni, chura hakulia.