Zimwi Lililokasirika Bure

Ndani ya pikapu ya kutoka Lodwar kwenda Kakuma, Mabior, anayetafsiri filamu kwa Kiswahili katika banda la video la kambi ya wakimbizi, alimlalamikia mama mmoja Mturkana, muuza mbuzi. "Filamu ya leo itanifukuzisha kazi. Zimwi linatema moto, linabomoa mji, moto tena! Limekasirikia nini? Jana, kwa filamu hiyo hiyo, watu walinizomea mimi, si zimwi."

Nikiwa nimebanwa kando yao, nilimhurumia. Mimi ni mshairi, na nina wenzangu wanaotunga kama filamu hiyo: vina vitupu, maana hakuna.

"Kijana, si uongeze yako?" mama akasema. "Sema liliibiwa ng'ombe. Hapo hata mimi nitalia nalo."

Mabior akacheka, kisha uso ukamshuka. "Watauliza nani aliiba. Benchi moja wanakaa Waturkana, Wadinka na Wanuer, na wote wanashutumiana wizi wa ng'ombe. Nimtaje nani, mama?"

"Sema wezi walitoka mbali."

"Kambini sote tumetoka mbali."

"Basi wa karibu."

"Wa karibu ni nyinyi!"

Mama akaanza kukusanya mizigo yake.

Pikapu ikasimama mbele ya banda. Watu walishajaa, wakipiga makofi na kuliita jina la Mabior. Tulishuka sote isipokuwa yeye.