Viswakarma Kabaki Nje ya Geti

Mkabala na geti la kiwanda cha magari, ng'ambo ya reli iendayo mji wa Haora, jirani na Kolkata, pana baraza ya duka lililofungwa. Hapo ndipo wanaposhinda watu wa kiwandani tangu geti lilipotiwa kufuli mwezi wa tano, eti kwa muda. Haru huwachemshia chai na kuwamiminia kwenye vikombe vya udongo vya kunywea mara moja na kutupa. Kesho ni siku ya Viswakarma, mungu wa mafundi, na wenye baraza wanangoja sanamu yake, waliyoiagiza kabla ya kufuli. Yupo Gobra wa idara ya rangi, ambaye Mungu kamnyima nywele akamzidishia mdomo. Yupo Kaka Bishu wa chama cha wafanyakazi. Na yupo Nyapla, fundi wa milango na katibu wa sherehe, ambaye leo hana raha hata kidogo. Shemeji yake kamtafutia kazi ya ulinzi kwenye duka la magari ya wageni, yale ya kampuni za nje, huko Kolkata, na anataka jibu leo kabla ya magharibi. Nyapla hajamwambia mtu. Anaomba tu mmoja wa hawa wapayukaji aseme neno moja la maana la kumfanya angoje geti lifunguliwe.

— Geti litafunguliwa, Gobra alisema. Nawaambia litafunguliwa! Gari la mgeni ni kopo. Ukiliegemea tu, limebonyea.

— Mbona watu wanayagombania? Kaka Bishu akauliza.

— Ushamba huo! Ngoja msimu wa harusi ufike. Bwana harusi wa Kibengali na lile taji lake refu, ataingiaje kwenye kigari cha mgeni? Aende kuoa kainama kama mwizi wa kuku? Maadamu Wabengali wanaoa, sisi tupo.

— Mpwa wangu kaoa juzijuzi. Gari la mgeni.

— Na taji?

— Kalipakata.

— Lo! Aibu ya ukoo mzima hiyo, Kaka Bishu, utanisamehe.

Haru akacheka mpaka chai ikamwagikia vidole. Nyapla naye alicheka, lakini cheko la mdomoni tu. Alitazama jua lilipofika, akaomba kikombe kingine.

— Nyie mnahangaika na mataji, Kaka Bishu akasema akishusha sauti. Siri iko kwenye lami. Kabla wageni hawajaja, nani alikuwa anaziba mashimo nchi hii?

— Hakuna.

— Wamekuja wao, barabara zimekuwa laini kama shavu la mtoto. Kwa nini? Gari lao haliwezi shimo! Letu lilikuwa linaingia shimoni na kutoka, abiria wanaendelea na soga zao.

— Kumbe wageni ndio wanaotia lami?

— Unafikiri nani mwingine, Gobra? Mjomba wako?

Gobra akasimama, macho yamemtoka.

— Basi dawa ni majembe! Tunatoka watu wote wa kiwanda, tunachimba mashimo kutoka hapa mpaka Delhi! Mwezi mmoja tu, nchi nzima itakuja kupiga foleni getini hapa.

— Na huo mgongo wako unaoshindwa kupanda treni?

— Mimi nitasimamia.

— Kaa chini, Gobra, Nyapla akasema.

Sauti yake ilikuwa kavu, Gobra akakaa.

— Milango ya magari yetu nimeirekebisha mimi kwa nyundo, maisha yangu yote. Ukiutoa mlango wa gari hili ukaupachika kwenye lile, haufungi. Kweli si kweli?

— Ndio ufundi wenyewe huo! Gobra akadakia. Kila mlango na gari lake, kama mke na mume.

— Juzi nimefunga mlango wa gari la mgeni. Kwa kidole kimoja.

Wote wakamgeukia.

— Wapi? Kaka Bishu akauliza.

— Mahali.

— Mahali gani, wewe Nyapla?

— Nimesema mahali, kaka! Ulifunga bila kelele. Nikaufungua, nikaufunga tena, kama mtoto kapewa mwanasesere. Roho iliniuma, jamani, nisiwafiche. Mashine yetu ya kukunja bati imechoka tangu enzi za baba yangu. Uchovu wake tumeuficha kwa nyundo, halafu tukajisifu kwamba ni ufundi.

Kaka Bishu akakitupa kikombe chake mtaroni.

— Unaongea kama mtu aliyekwisha hama.

— Naongea kama fundi, Nyapla alijibu, lakini uso ulimwaka moto.

Ndipo ikatokea baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, na juu yake Viswakarma mwenyewe, kapanda tembo, nyundo mkononi, rangi bado inanukia upya. Mwendeshaji hawakuwa wamewahi kumwona. Alilitazama geti na kufuli lake, akawatazama wao.

— Shusha hapahapa, Nyapla akamwambia.

Wakainuka wote kumpisha mungu wao barazani. Gobra ndiye aliyeishika miguu ya tembo, kwa adabu ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo. Kaka Bishu akaagiza sanamu igeuzwe ilitazame geti.

Yule mwendeshaji akawa anakunja kamba zake.

— Fundi wetu wa sanamu kaniambia niulize. Udongo anauagiza mapema. Mwakani awahesabu na nyie?

Gobra akamtazama Kaka Bishu. Kaka Bishu akainama kufunga kandambili isiyo na kamba za kufunga. Haru akajifanya anapuliza jiko.

— Katibu ni nani hapa?

— Mimi, Nyapla akasema.

— Basi, kaka, nimwambieje?

Yule mtu alingoja, akakuna shingo, akapanda baiskeli yake na kuondoka bila jibu.

Nyapla akazunguka nyuma ya kibanda cha Haru, akapiga simu.

— Shemeji. Mwambie tajiri wako nakuja.

— Safi sana! Basi njoo kesho asubuhi na mapema. Dukani tuna Viswakarma mkubwa, kuhani anakuja saa tatu, utaanza kazi na baraka.

— Kesho? Kesho na sisi tuna...

— Ni kesho au basi, shemeji. Wanaoitaka kazi hiyo wamejaa hapa nje.

— Sawa. Nitakuja.

Aliporudi barazani, Gobra alikuwa anamfuta tembo vumbi kwa ncha ya shati lake.

— Haya, katibu, kesho tukutane saa ngapi?