Dada Yetu Aliyeizuia Mizinga kwa Saa Mbili

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee safari ya dada yetu, nanyi mniwie radhi sauti ikinikatika.

Dada alizaliwa tarehe 9 Februari 1957, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alianza shule mwaka 1964, akamaliza kidato cha nne mwaka 1974, kisha akasomea mawasiliano ya redio kwa miaka miwili, wanaume kumi na tisa na yeye mwanamke pekee.

Tarehe 1 Juni 1977 aliajiriwa na idara ya usalama wa bahari, katika chumba cha redio, ghorofa ya tatu, dirisha likitazama ukuta wa ghala. Kazi yake ilikuwa kuwalinda wavuvi, kuwapa habari za hali ya hewa, na siku ambazo jeshi lilifanya mazoezi ya mizinga kuelekea baharini, kuwaondoa kwenye eneo la makombora, chombo kimoja baada ya kingine, mpaka wote waitikie, ndipo atamke "bahari tupu", na bila neno hilo hakuna mzinga uliofyatuliwa. Wavuvi hawakuijua sura yake, walimwita Shangazi.

Tarehe 20 Desemba 1980 alifunga ndoa na ofisa wa kikosi cha mizinga, na tarehe 3 Septemba 1982 Mungu akawajalia binti yao wa pekee, huyu aliyeketi hapa mbele.

Sasa nifike siku ambayo wengi wenu mmeisikia nusunusu. Asubuhi ya tarehe 12 Machi 1991 jeshi lilikuwa likionyesha mizinga mipya ya masafa marefu, wageni wa heshima wameshaketi, na aliyeongoza kikosi alikuwa shemeji yetu. Vyombo arobaini na kimoja viliitika, kimoja kikanyamaza. Shemeji akapiga simu mwenyewe, "Mama, sema tu bahari tupu, hicho kimoja kitakuwa kimesharudi, usiniaibishe mbele ya wakubwa." Dada akamjibu, "Afande, hapa hujapiga simu nyumbani. Chombo kimoja hakijaitika."

Saa mbili nzima mizinga ilikaa kimya, wageni wakaondoka na miavuli yao, na boti ya doria ikakikuta chombo hicho katikati ya eneo lenyewe, injini imekufa, redio imelowa, wavuvi wanne ndani, mmoja wao akikoroma.

Dada alipewa barua ya onyo kwa kumkaidi mkubwa. Shemeji alihamishiwa kambi ya mbali, na kusema ukweli hakumwambia mkewe afungashe. Hawakuachana, ila hakurudi, na alipofariki mwaka 2009 dada alikwenda kumzika, akakaa nyuma kabisa, kama mtu aliyepita njia. Binti alikwenda shule ya bweni, kisha kazi, kisha kwake.

Dada alistaafu tarehe 9 Februari 2017. Siku moja nilimuuliza anaendeleaje, akacheka, akasema, "Kazini nilikuwa na watu mia tatu masikioni, hapa nina friji, nayo ikizima najua umeme umekatika." Nami nilicheka, nikakata simu, sikwenda kumwona mwaka ule wala uliofuata. Sisi ndugu tulizoea kusema dada ni mtu wa kujitegemea. Yalikuwa maneno ya kutupunguzia nauli.

Moyo ulianza kumsumbua Oktoba 2023, akalazwa mara tatu, na tarehe 17 Mei 2024, saa nne asubuhi, akakata roho, binti yake akiwa bado njiani, mimi nikiwa hata sijaondoka nyumbani.

Tunawashukuru madaktari, na zaidi yule muuguzi aliyemshika mkono sisi tusipokuwepo, tunamshukuru jirani mwenye duka, aliyegonga mlango kila asubuhi mpaka aitikiwe, na wenzake wa chumba cha redio. Nanyi wavuvi, mliosimama nje ya geti tangu asubuhi mkidhani hapa ni pa ndugu tu, tunawaomba mwingie, viti vya familia vimebaki vingi.

Dada, wamefika watu wako, pumzika kwa amani.