Barua ya Kumwondoa Mlala Benchi

Benchi lenyewe si la kujivunia. Mbao tano, moja imepasuka, miguu ya chuma yenye rangi ya kijani iliyoanza kumenyeka, na linaegemea ukuta wa duka la vitambaa pale mteremko wa soko unapokutana na barabara ya kanisani. Ni refu, linakalisha watu sita, lakini paa la duka halilifuniki lote: upande wa mlangoni ni mkavu, upande wa konani unadondokewa. Na Manizales ni mji wa mvua, kwa hiyo penye paa ndipo watu wanapokutana kutengeneza dunia. Mama Nubia huegesha hapo kigari alichomsukumia mwanawe wa kwanza, siku hizi kimejaa chupa za kahawa, na mwanawe ni fundi magari mwenye kitambi. Jenerali alipikia jeshi miaka kumi na minane na hakuna vita asivyovijua. Daktari aliwahi kufagia duka la dawa. Na Notari, ambaye padri alimbatiza Abelardo Cifuentes, hukaa upande mkavu na meza yake ndogo na mashine ya taipu, akiwaandikia watu barua za serikalini, kazi aliyoianza miaka arobaini iliyopita. Katika nchi hii mtu akikosa maji, anaandika barua. Jirani akifuga jogoo mwenye kelele, anaandika barua. Na serikali inalazimika kujibu ndani ya siku kumi na tano, hata kama jibu lenyewe ni kwamba barua imefika.

Kabla hawajafika, benchi huwa na mtu wake. Walimwita Gazeti, kwa sababu hujifunika magazeti na huyasoma yote kabla ya kuyakunja. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi anaamka, anafuta benchi kwa mkono wa koti, halafu anapandisha hadi mlango wa nyuma wa masista kungoja mkate. Kwa miaka miwili hawajawahi kukuta benchi limeloa upande wao, wala hawajawahi kujiuliza kwa nini.

Alhamisi hiyo Crisanto, mwenye duka, alitoka nje na futi yake ya kupimia vitambaa shingoni.

— Jumatatu manispaa wanakuja, alisema. Ama huyo mlala benchi wenu aondoke, ama benchi ling'olewe. Wateja wangu wanaogopa kupita hapa asubuhi. Nimemaliza.

Akarudi ndani. Alikuwa amemaliza kweli.

— Wenu? Jenerali aliruka. Tangu lini akawa wetu? Mimi sijawahi kumpa hata senti. Kwa kanuni!

— Kanuni gani, bwana? Mama Nubia alisema huku akimimina. Huo ni ubahili tu, umeuvalisha kofia ya jeshi.

— Mimi humpa mkate, Daktari akasema. Fedha hapana. Fedha inaharibu mtu.

— Mkate upi? Ule uliokwisha kuuma?

— Niliuonja kuhakikisha haujachacha, mama. Hayo ni mambo ya afya, huwezi kuyaelewa.

Notari hakucheka. Kwa kawaida yeye ndiye huwachochea, lakini wiki hiyo kichwa chake kilikuwa kwingine. Nyumba aliyopanga chumba kwa miaka ishirini na sita ilikuwa imeuzwa, inabomolewa ijengwe hoteli, na yeye alitakiwa awe ametoka Jumamosi. Alikuwa ametembea mji mzima akitafuta chumba. Kila mlango walimtaka mdhamini mwenye nyumba yake, na mzee wa miaka sabini na moja anayetafuta mdhamini hutazamwa kama mtu anayetaka kuuza saa ya wizi. Hakuwa amemwambia mtu yeyote. Anayewaandikia wenzake shida zao huona haya kuwa na ya kwake, na Notari aliona haya sana.

— Nyie hamjui mnazungumzia nini, Jenerali alisema, akishusha sauti ili asikike vizuri. Ombaomba wa mji huu ni jeshi kamili. Kuna kanali wao, anakaa nyuma ya kituo cha mabasi. Saa kumi alfajiri lori linawashusha. Kilema anapewa kanisa, mwenye mtoto anapewa benki. Huyu wetu ni mlinzi wa doria.

— Lori hilo umeliona?

— Lori la siri linaonekanaje, Daktari? Fikiri!

— Acha kutupiga kamba. Huyo ni tajiri. Ana maghorofa mawili mjini Pereira. Mwangalie meno, yale ni meno ya mwenye nyumba.

— Si ana manne tu, Mama Nubia alisema.

— Manne, ndiyo. Lakini manne ya hali ya juu.

Mama Nubia aliweka chupa chini na kujifuta mikono, ishara kwamba sasa atasema yeye.

— Nisikilizeni. Yule ni mtu wa manispaa. Wamemvalisha vile kusudi. Anapima huruma, mtaa kwa mtaa, na mtaa utakaoshinda unawekewa lami mpya. Ndiyo maana kila siku nampa kikombe cha kwanza. Nyie chekeni tu, lami ikija msiikanyage.

— Miaka miwili anapima huruma?

— Kwani serikali ina haraka gani?

— Halafu kuna hili, Mama Nubia aliendelea. Tangu Jumatatu anaamka ameloa bega moja. Mimi ninayefika alfajiri namwona: halali tena katikati. Amejikunja konani kule kwenye matone, magoti kifuani, na huku pakavu pameachwa bure. Mtu mwenye akili zake anafanya hivyo?

— Anatoa ishara! Jenerali alipiga paja. Bega la kushoto limeloa, maana yake barabara iko wazi. Tulifanya hivyo jeshini.

— Ulifanya na sufuria?

— Mimi naogopa kusema ninachojua, Daktari alisema, na kwa kuwa hakuna aliyembembeleza, alisema haraka. Amekufa. Amekufa zamani. Niliwahi kumshika, baridi kama sakafu ya kanisa. Nikatafuta mapigo ya moyo, hakuna. Maiti haihisi matone, ndiyo maana analala kwenye maji.

— Ulimshika kiwiko! Mama Nubia alipiga kelele. Nilikuona! Mapigo ya moyo ya kiwikoni!

Walicheka mpaka Crisanto akachungulia dirishani. Kicheko kilipokwisha, ile Jumatatu ilikuwa bado ipo.

— Notari, Jenerali akasema, amri ni moja. Andika barua. Wamchukue wampeleke kwenye bweni lao la wasio na makazi, benchi libaki. Sote tutasaini.

Notari alilitazama benchi. Likiondoka, meza yake ataiweka wapi, na wateja watampata wapi? Chumba kinaondoka Jumamosi, kazi ingeondoka Jumatatu. Akajiambia kwamba bweni lina vitanda na supu, kwamba ni kwa faida ya yule mtu mwenyewe. Alijiambia hivyo mara tatu na bado haikumwingia. Hata hivyo alipachika karatasi, akanyoosha mgongo, na kama siku zote, mikono ilipogusa mashine sauti yake ilinenepa.

— "Sisi wananchi tuliotia saini hapa chini, kwa heshima na taadhima, na kwa haki tunayopewa na katiba..."

— Ongeza taadhima nyingine, Daktari alisema.

— Moja inatosha. Jina la anayelalamikiwa?

Daktari alimtazama Jenerali, Jenerali akamtazama Mama Nubia.

— Bila jina karani anairudisha. Anaitwa nani?

— Andika Gazeti.

— Niishtakie manispaa gazeti? Jina, jamani. Mama Nubia, wewe unampa kahawa kila siku.

— Nampa kahawa, sikumpa ubatizo.

— Basi ruka, nenda kwenye anwani, Jenerali alisema. Hiyo tunaijua. Andika: benchi hili hapa!

Notari aliondoa vidole kwenye mashine na kuvua miwani. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo alikuwa amechangamka, maana hapa walikuwa wameingia kwenye shamba lake.

— Jenerali, nikiandika kwamba makazi yake ni hapa, halafu nyie watatu mkasaini, mmekuwa mashahidi. Anaichukua nakala, anaipeleka kwa hakimu: mheshimiwa, majirani zangu wenyewe wamethibitisha kwa saini kwamba naishi hapa. Kesho yake benchi ni nyumba yake kisheria. Sisi ndio wageni, tunabisha hodi kabla ya kukaa.

Jenerali alisimama kama aliyekalia moto.

Chini ya paa alikuwepo mwanamke mwenye koti la mvua, ameshika jalada lililofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Alikuwa akingoja zamu yake, mama yake alinyimwa dawa hospitalini na alitaka barua. Alikuwa amekunywa kahawa yake taratibu na kusikiliza yote bila kutia neno.

— Samahani, wazee wangu, alisema. Nimewahi kupeleka barua kama hiyo. Karani anaanza na anwani za waombaji, siyo ya mshtakiwa. Nyie mnaishi wapi? Andikeni hizo kwanza, labda tutasogea, maana zamu inayofuata ni yangu.

— Hilo neno! Jenerali alisema. Mimi nyuma ya makaburi, mlango wa bluu.

— Mimi kwa dada yangu, Daktari alisema, juu ya duka la viatu.

— Ngazi ya tatu, kwenye geti lenye maua, Mama Nubia alisema. Yakiwa hayajaibwa.

Mashine iligonga, ikagonga, ikanyamaza.

— Na wewe, mwandishi? mwanamke aliuliza. Unaishi wapi?

Notari alivaa miwani, akaivua tena.

— Huyu tunamjua, Jenerali alijibu kwa niaba yake. Nyumba ya marehemu Edelmira, ile yenye roshani ya mbao. Miaka nenda rudi.

— Ile wanayoezua? Nimepita pale sasa hivi. Nusu ya bati iko chini.

Wote wakamgeukia Notari. Akainamia mashine yake.

— Nina ruhusa hadi Jumamosi, alisema.

— Baada ya Jumamosi utaishi wapi? mwanamke akauliza. Hakuuliza kwa ubaya, aliuliza kama mtu anayetaka kujaza fomu.

Watu waliokuwa na jibu la malori ya siri na maiti zinazotembea walianza kuchunguza viatu vyao. Jenerali alianza, mke wangu, unamjua mke wangu, akaishia hapo. Daktari alisema kwa dada kuna kochi, lakini kwenye kochi analala yeye. Mama Nubia alitikisa chupa ya mwisho, akamimina matone yaliyobaki, akampa Notari kikombe kilichojaa robo. Mama huyo alikuwa analia na hakujificha.

Hapo ndipo Gazeti alipotokea mteremkoni, na mkate wa masista umefungwa kwenye ukurasa wa michezo. Alikuta watu hawaongei, jambo ambalo hakuwahi kulikuta kwenye kona ile. Akainama juu ya mashine akasoma karatasi, kama alivyosoma kila kilichoandikwa, kuanzia "taadhima" hadi pale jina lake lilipokosekana. Hakukunja uso. Aliukata mkate vipande viwili, kimoja akakiweka mezani kando ya karatasi.

— Lile tangazo la kuhama mlangoni kwako nililisoma Jumatatu, saa ileile walipolibandika, alisema. Nikangoja useme mwenyewe, hukusema. Basi nikakuachia upande mkavu. Huku konani nimezoea.

Mama Nubia aliweka mkono mdomoni. Daktari alitazama lile bega lililoloa.

Notari aliutazama ule mkate. Alikuwa na aibu, safari hii si ya chumba. Halafu aliichomoa ile barua kwenye mashine, akaichana mara mbili, akapachika karatasi mpya na kunyoosha mgongo.

— Jina lako kamili, ndugu yangu.

— Leonidas Marulanda Ossa.

— Ossa kwa s mbili?

— Mbili. Marehemu mama alikuwa mkali kwa hilo.

Mashine ikagonga. Notari aliandika huku akisoma kwa sauti, na sauti ilikuwa imenenepa tena kupita ilivyowahi kunenepa:

— "Waombaji: Leonidas Marulanda Ossa, makazi yake benchi la duka la vitambaa, upande wa konani. Abelardo Cifuentes, makazi yake kuanzia Jumamosi benchi hilohilo, upande wa mlangoni. Wanaomba, kwa heshima na taadhima, nyumba yao isivunjwe kabla manispaa haijajibu kwa maandishi itawapa makazi gani." Mashahidi watatu, sainini hapa.

— Wana siku ngapi za kujibu? mwanamke aliuliza.

— Kumi na tano.

— Za kazi, Leonidas alisema, akitafuna. Ilikuwa kwenye gazeti.

Mama Nubia alisaini wa kwanza, akibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Daktari akafuata. Jenerali alisoma mara mbili, akasaini, akaongeza cheo chake, kisha akabaki amesimama mvuani, mikono nyuma, akilitazama benchi.

— Sasa mbona hukai? Daktari alimuuliza.

Jenerali aliwatazama wenye nyumba. Leonidas alivuta mkono wa koti, akafuta pale katikati, mara moja kwenda na mara moja kurudi.

— Kaa, Jenerali, Notari alisema. Wageni wanakaribishwa.